Kufufua Honda CG125 ya zamani nyumbani: anza na tangi, rangi baadaye

Nimetoka kumsaidia mpwa wangu kufufua CG125 aliyoachiwa na babu yake, iliyokaa bandani miaka mingi chini ya turubai. Naandika kwa sababu vijana wengi huanza na rangi na stika. Pikipiki inapendeza, lakini inazimika kila kona.

Honda ilianza kutengeneza CG125 mwaka 1976, ikilenga nchi ambazo pikipiki hupigishwa kazi na matengenezo ni ya kubahatisha. Valvu zake husukumwa na fito, haina cheni ya taimingi. Injini nyingi za bodaboda za Kichina zimeigwa kutoka kwake, kwa hiyo vipuri havisumbui.

1. Kadi. Linganisha namba za chesisi na injini na zilizo kwenye kadi. Zisipofanana, usitoe hata shilingi mpaka ujue kwa nini.

2. Injini. Toa plagi, mimina vijiko viwili vya oili kwenye silinda, iache ilale. Kesho yake sukuma kiki kwa mkono, taratibu. Usiikanyage, kwani ringi zenye kutu zitakwaruza silinda.

3. Skrubu. Bisibisi za nyota za kawaida hazikai vizuri kwenye skrubu za Kijapani. Zinateleza na kula kichwa. Tafuta yenye ncha ya JIS (kipimo cha Kijapani), na zilizogoma tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo.

4. Tangi. Hapa ndipo siku zilipoishia, na hapa ndipo wengi hupitisha haraka. Mulika tochi ndani. Ukiona rangi ya matofali, kila ukisafisha kabureta utakuwa unarudia kazi, maana unga wa kutu unashuka na petroli.

Mwaga petroli yote nje, mbali na moto. Toa koki (ya kufungulia petroli chini ya tangi), ziba tundu lake kwa kizibo cha mpira. Tumbukiza kipande cha cheni kuukuu ulichokihesabu pingili zake, tikisa mpaka mikono ichoke, kitoe, kisha hesabu tena. Halafu jaza siki nyeupe mpaka juu kabisa. Nusu tangi haifai, sehemu ya juu itabaki na kutu. Usitumie mfuniko wake halisi, siki inaula. Iache siku moja hadi mbili, ukichungulia.

Kuna mafundi watakwambia weka maji ya betri, ni haraka. Ni kweli ni haraka, lakini asidi ile haichagui: inakula kutu na bati zima pamoja, hasa kwenye maungio. Sikubaliani nayo kabisa.

Ukishamwaga siki, suuza kwa maji yenye magadi soda ili kuua ukali wake, kisha maji safi. Kuanzia hapo usiende hata kunywa chai. Bati tupu lenye unyevu hurudisha kutu ya rangi ya chungwa ndani ya dakika chache. Liweke kwenye jua la saa sita, puliza kwa kompresa, kisha papo hapo mimina petroli kidogo yenye oili na ulizungushe pande zote.

Likiwa na tundu, usimpelekee mtu wa kulehemu hivi hivi. Mvuke wa petroli hubaki hata tangi likionekana kavu, na hulipuka. Mpe anayejua kazi ya matangi. Rangi za kupaka ndani sizipendi. Zikibanduka zinaziba koki.

5. Kabureta. Baki na kabureta yake ya asili, ya Keihin. Jeti (kitundu cha kupitisha petroli) ndogo ndiyo ya sailensa, yaani injini ikinguruma bila kuvutwa mafuta: izibue kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, usitumie chuma, kitapanua tundu. Badilisha oringi (mpira wa duara) ya pale kabureta inapofungwa kwenye injini.

6. Moto na valvu. Plagi mpya, nafasi milimita 0.6 hadi 0.7. Nafasi ya valvu zote mbili milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Badilisha oili.

7. Breki. Vumbi la viatu vya zamani usilipulize, huenda lina asbesto. Futa kwa kitambaa kibichi.

8. Rangi. Msasa, rangi ya chini, rangi yenyewe. Ila iendeshe kwanza mpaka uhakikishe koki na mfuniko havivuji, maana petroli hubandua rangi mpya.