Trakta ya zamani: jua nguvu inakatikia wapi kabla hujaingiza mkono

Shofa mgeni akipanda Massey Ferguson 135 hukanyaga pedali ya ambreyaje (klachi), hukutana na ugumu katikati ya safari yake, akadhani amefika mwisho. Hajafika. Pale penye ugumu ni hatua ya kwanza tu: magurudumu yamekatiwa nguvu, lakini PTO, ule mhimili unaojitokeza nyuma, ungali unazunguka. Kwenye fermu zetu huku Lubumbashi, upande wa Kafubu na njia ya Kipushi, nimekuta watu wameendesha trakta hizi misimu mingi bila kuambiwa jambo hilo. Nawaandikia wao, pamoja na vijana wanaoanza kazi ya gereji.

Tuanze ndani. Ambreyaje ya hatua mbili ina disiki mbili kwenye kifuniko kimoja, nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Disiki iliyokaa karibu na flaiwili inazungusha mhimili mwembamba unaokwenda kwenye bwate ya vitesi (giaboksi). Disiki ya nyuma, ambayo ni ndogo, inazungusha mhimili mnene wenye tundu katikati, na ule mwembamba unapita ndani ya tundu hilo. Mhimili wa nje ndio unaolisha PTO na pampu ya haidroliki. Kwa hiyo ukikanyaga nusu, trakta inasimama huku mashine ya nyuma ikiendelea na kazi, na mikono ya kunyanyulia bado ina nguvu. Hiyo ni faida kubwa sana unapokata nyasi nzito: kanyaga nusu, viache visu vitafune kilichojaa, kisha achia polepole usonge mbele. Ukikanyaga hadi chini, kila kitu kinasimama, pampu nayo. Ndiyo maana jembe halipandi wakati mguu uko chini kabisa. Haidroliki haijafa, umeinyima nguvu mwenyewe.

Sasa neno ninalotaka kila mwenye trakta alishike. PTO za trakta hizi zimepangiwa mizunguko 540 kwa dakika, yaani 9 kila sekunde. Kwenye mashine ya kupukuchua mahindi, mama anainama kuokota punje, ncha ya kitenge inagusa kardani, ule mhimili unaounganisha PTO na mashine, na kabla hajapiga kelele nguo imekwisha kuvutwa. Pedali isitumike kama kinga hapo. Mguu unachoka, kiatu chenye tope kinateleza, na shofa aliyezoea kuishia penye ugumu hajasimamisha PTO hata kidogo. Mashine ikikwama, rudisha mkono wa PTO mahali pake pa kuachia, zima injini, subiri kardani isimame machoni pako, ndipo usogee. Na kardani isiyo na bomba lake la kuifunika isifungwe kwenye trakta yako, hata kama kazi ni ya nusu saa.

Ferguson TE20, iliyotengenezwa Uingereza 1946 hadi 1956, na Ford 8N ya Marekani, ya 1947 hadi 1952, zina tabia nyingine. Zina disiki moja tu, na PTO inachukua nguvu baada ya ambreyaje, kutoka ndani ya bwate. Ukikanyaga, vyote vinakatika pamoja. Hatari yake ni hii: mashine ya kukata nyasi ina visu vizito, na vikishapata kasi havisimami kwa sababu umekanyaga. Vinarudisha nguvu kupitia PTO, vinazungusha bwate, na trakta inaendelea kwenda ukiwa umekanyaga ambreyaje hadi mwisho. Mtu anaona ukuta au mtaro unamjia na hajui kinachomsukuma.

Dawa yake ni kiungo cha upande mmoja kinachovalishwa kwenye mhimili wa PTO. Kinafanya kazi kama gurudumu la nyuma la baiskeli za wabeba makala (makaa): ukisukuma, linakwenda nawe, ukiacha, linazunguka peke yake bila kukokota pedali. Trakta inasimama, visu vinaishiwa kasi kivyao. Kabla ya kukinunua, pima mhimili. Ford 9N, 2N na 8N zilitoka na mhimili wa inchi 1 na 1/8, wakati kipimo kilichozoeleka baadaye ni inchi 1 na 3/8 chenye meno 6. Kumbuka pia kwamba kiungo kinaongeza urefu. Nyanyua na shusha mashine polepole injini ikiwa imezimwa, uangalie kama bomba la kardani linafika mwisho na kugonga. Likigonga, lazima likatwe, la sivyo litasukuma beringi za PTO hadi ziharibike. Usikate kupita kiasi: mashine ikiwa mbali kabisa, mabomba mawili lazima yabaki yameingiliana vizuri.

Kupima ambreyaje ya hatua mbili hakuhitaji chombo chochote. Simamisha trakta mahali tambarare, freni ya mkono imevutwa, nyuma hakuna kitu kilichofungwa. Chora alama ya chaki kwenye mhimili wa PTO. Washa, iache injini inguruma taratibu, ingiza PTO, kisha kanyaga hadi penye ugumu. Vitesi viingie bila kusaga meno, na mwenzako aliyesimama mbali aone chaki ikizunguka bado. Kanyaga hadi chini: chaki isimame baada ya muda mfupi. Vitesi vikisaga penye nusu lakini vikaingia kimya pedali ikiwa chini, hatua ya kwanza inachelewa kukata. PTO isiposimama kabisa, hatua ya pili ndiyo yenye shida.

Usikimbilie kulaumu disiki. Tazama kwanza vyuma vya pedali. Pini iliyoliwa na tundu lililogeuka kuwa refu vinameza safari yote ya mguu. Kisha sukuma pedali kwa mkono: inatakiwa ishuke kidogo, nyepesi, kabla beringi haijagusa vidole vya ambreyaje, vile vyuma vinavyoachia disiki. Ule ulegevu unapungua kadiri disiki inavyolika, kwa hiyo uangaliwe mara kwa mara na kurudishwa kwenye kipimo cha kitabu cha trakta yako. Kuna mafundi wanaoumaliza wote ili pedali “ishike juu”. Ni kazi mbaya, nasema wazi: beringi inabaki imeegemea vidole siku nzima, disiki inateleza, inaungua, na mwenye fermu analipia piesi (vipuri) mbili ambazo hazikuwa na kosa.

Chini ya nyumba ya ambreyaje kuna tundu dogo lenye pini iliyopasuliwa, inayochezacheza ili tope lisilizibe. Vijana wengi huiona takataka wakaitoa. Iache. Na ukiona tone hapo, lipokee kwenye kidole. Likiwa jeusi na jepesi, ni mafuta ya injini, sili ya nyuma ya injini imechoka. Likiwa zito, la rangi ya asali, lenye harufu kali, linatoka kwenye bwate. Disiki mpya juu ya sili inayovuja ni pesa iliyotupwa.

Kubadili disiki ni kuikata trakta vipande viwili, kazi ya watu wenye uzoefu. Gonga kabari za mbao pande zote mbili za ekseli ya mbele, maana injini imekaa juu ya pini moja na itapinduka ubavu. Ukiagiza piesi ng'ambo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, usitume jina la trakta peke yake: Massey Ferguson 35 na 135 zilitoka za disiki moja na za disiki mbili. Peleka disiki yenyewe, mhesabu meno ya katikati pamoja.

Trakta itakayolala masika nzima ichomekewe kipande cha ubao kinachoshikilia pedali chini, disiki isigande kwa kutu kwenye flaiwili. Ikiwa imekwisha ganda, injini haiwaki vitesi vikiwa vimeingia, kwa hiyo ivutwe na trakta nyingine uwanjani: kitesi cha juu, PTO imeachiwa, mazutu (dizeli) yamefungwa, pedali chini. Mvutaji aanze taratibu, aongeze kidogo kidogo, na utasikia disiki inabanduka.