Februari Kitulo, Machi asumini

Februari si mwezi wa kupanda maua pwani. Jua la kiangazi limeukausha udongo, vyungu vinadai maji asubuhi na jioni, na mche mpya ukiutia ardhini unakauka kabla haujashika. Lakini mwezi huohuo, kule Nyanda za Juu Kusini, mvua zilizoanza Novemba zimekwisha kuitandika Kitulo kwa maua. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Unguja, basi, Februari ni ya safari na Machi ni ya kupanda, masika yanapoanza kunukia.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, yenye zaidi ya kilomita za mraba 400, kwenye uwanda wa mita 2,600 kati ya milima ya Uporoto, Kipengere na Livingstone. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Aina za mimea zilizoorodheshwa zinapita 350, na kati ya hizo okidi za ardhini peke yake ni 45. Maua yanakolea kuanzia Desemba hadi Aprili. Septemba hadi Novemba njia ni kavu na mwendo wa miguu ni mzuri, ila rangi ni chache. Juni hadi Agosti utakuta nyasi zilizopauka na baridi ya kukata masikio. Kwa mtu wa maua hiyo ni safari ya hasara.

Kwa basi la Mbeya, shuka Chimala, kilomita 78 kabla ya Mbeya mjini. Hapo unaiacha lami, unaelekea kusini kwa barabara iitwayo Hamsini na Saba, yaani idadi ya kona zake, hadi Matamba. Wakati wa mvua usikubali gari dogo hata dereva akiapa kwamba hupita kila siku: tope la kona hizo linataka gari linalovuta magurudumu yote manne. Ukifika Chimala jioni, lala hapohapo, upande mlima asubuhi. Hifadhi za taifa hazipokei kiingilio kwa fedha taslimu, kwa hiyo uliza viwango na uandae malipo ungali kwenye mtandao wa simu wa uhakika.

Beba sweta nzito, koti la mvua, buti za mpira, soksi mbili za akiba na mfuko wa nailoni wa kufungia simu. Kofia ni lazima, maana juani mtu wa pwani hudanganywa na baridi, akagundua usiku kwamba shingo imeungua. Siku ya kwanza tembea polepole. Mwinuko huo unakata pumzi hata za vijana. Ingia uwandani saa moja asubuhi, utoke kabla ya saa saba mchana, kwa kuwa ukungu na mvua hupenda kushuka alasiri. Okidi nyingi ni fupi kuliko goti na hujificha kwenye nyasi, kwa hiyo anayetazama kwa dirisha la gari huona tu maua marefu ya kniphofia ya rangi ya chungwa yaliyosimama kama mienge. Shuka, fuata njia iliyokwisha kukanyagwa, chuchumaa.

Na mkono usichimbe. Okidi nyingi za Kitulo, za jamii ya Disa na Satyrium, huwa na viazi viwili chini: kimoja kinachoulisha mmea mwaka huu, cha pili akiba ya mwaka kesho. Ukiung'oa mmea umebeba vyote viwili. Viazi hivyo ndivyo vimekuwa vikichimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko, na ndilo jeraha kubwa la uwanda huo. Hata mwenye nia njema anayetaka mmoja tu wa kibarazani anapoteza bure. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, huota tu ikikutana na kuvu maalumu wa udongoni wanaoilisha. Kiazi nacho kimezoea kulala miezi ya baridi na ukame, ambayo Dar es Salaam haina. Kitaoza chunguni.

Ua la kupanda nyumbani pwani ni lile linaloipenda pwani, na asumini ndiyo ya kwanza. Mvua ya mwanzo ya Machi ikishanyesha, omba matawi kwa jirani. Chagua tawi la umri wa kati: lisiwe laini la kijani kibichi, hilo huoza, wala gumu lenye gome la kikahawia, hilo hukawia kutoa mizizi. Likipindwa liwe linakunjika kisha linadata. Kata vipande vya sentimita 12 hadi 15, mkato wa chini ukiwa chini kidogo ya kifundo cha jani, kwani mizizi huanzia hapo. Ondoa majani yote isipokuwa jozi moja ya juu, na hayo yapunguze nusu kwa mkasi ili yasipoteze maji mengi. Kata vipande kumi ukitaka miche mitano.

Vichomeke kwenye mchanga wa mto uliochanganywa sawa kwa sawa na vumbi la makumbi ya nazi. Usitie samadi bado. Kidonda kibichi kikikutana na samadi huoza. Na mchanga wa ufukweni usiuguse, chumvi yake huunguza. Vifundo viwili vizame. Mwagilia, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kizibo kikiwa wazi, weka penye mwanga lakini si juani. Baada ya wiki nne hadi sita vuta taratibu: kikikataa, kimeshika mizizi. Kuona jani jipya si ushahidi, tawi huweza kuchipua kwa akiba yake kisha likafa.

Mche uliokwisha kushika uhamishie kwenye chungu au ndoo ya upana wa sentimita 30, yenye matundu matano ya unene wa kidole. Changanya udongo wa juu makopo mawili, samadi iliyooza hadi ikaacha kunuka kopo moja, mchanga wa mto kopo moja. Kokoto chini ya chungu ni desturi tu. Maji husimama juu yake vilevile. Weka mahali pa jua lisilopungua saa sita kwa siku. Mwagilia pale kidole kilichozamishwa udongoni hadi kiungo cha kwanza kinapotoka kikavu. Katika mvua za Aprili huenda usimwagilie kabisa, bali uinue chungu kwenye matofali matundu yapate kupumua.

Malalamiko makubwa ni mawili. La kwanza: majani ya manjano, mishipa ikibaki ya kijani. Hilo ni la udongo wa matumbawe, wenye chokaa inayouzuia mmea kunyonya madini ya chuma. Kuongeza samadi mbichi hakuponyi. Hamishia mmea kwenye chungu chenye mchanganyiko uliotajwa hapo juu, uongeze mboji. La pili: majani tele, ua hakuna. Ama kuna kivuli, ama mbolea ya kukuzia imezidi, ama hukupogoa. Asumini hutoa matumba kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kila maua yakipungua kata theluthi moja ya urefu wa matawi.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, geuza majani. Chini yake kuna vidukari au vidudu vyeupe kama pamba, na utomvu wao mtamu ndio unaoleta masizi meusi juu ya jani. Nyunyiza maji lita moja yenye kijiko cha chai cha sabuni ya maji, jioni, upande wa chini wa majani, kila baada ya siku tano, mara tatu.

Kipupwe mmea hukua polepole, usiuharakishe kwa mbolea. Kata ncha za matawi tu ili uchipue pembeni. Joto la Oktoba na mvua za vuli ndivyo vitakavyoleta matumba. Yachume yangali yamefumba, jioni kabla ya magharibi, uyalaze kwenye kitambaa kibichi. Yatafunguka usiku, yakiwa tayari kwenye kikuba, kishada cha kunukia, pamoja na majani ya mrehani. Yakiachwa mtini hadi asubuhi, mengi utayaokota chini.