Kufundisha eneo na ujazo kwa mradi wa mvua ya paa

Mvua moja ikinyesha juu ya paa la darasa letu, maji yake yangetosha kunawa mikono kwa siku ngapi? Swali hili moja linabeba eneo, ujazo, wastani na asilimia. Hatua zifuatazo ni za darasa la sita lenye wanafunzi 60, kwa wiki nne, vipindi vitatu vya dakika 40 kila wiki. Panga mradi uangukie msimu wa mvua wa mahali ulipo, la sivyo hakutakuwa na cha kupima.

1. Swali na anayelihitaji
Zungumza na kamati ya shule ikubali kupokea ripoti, na itaje tarehe. Usifundishe eneo kwanza kisha mradi ufuate. Kanuni ya eneo ifike ubaoni pale wanafunzi watakapokwama kwenye paa, ndipo wataisikiliza.

2. Vikundi
Vikundi 12 vya watoto watano: mpimaji, mwandishi, mkaguzi wa hesabu, mtunza vifaa na msemaji. Majukumu yabadilishwe kila wiki, na kila mtoto aandike kwenye daftari lake mwenyewe. Kikundi cha watu kumi hugeuka haraka kuwa watatu wanaofanya na saba wanaotazama.

3. Kipimamvua
Kila kikundi kilete chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka. Iliyobanwa kiunoni itadanganya. Ikate chini kidogo ya mabega, upindue kipande cha juu kiwe mrija wa kuingizia maji, ukifunge kwa utepe wa gundi. Kitako cha chupa hakiko bapa, kwa hiyo tia vijiwe, mimina maji hadi yavifunike na kufika sehemu iliyonyooka, kisha weka alama ya sifuri hapo. Bandika rula kuanzia alama hiyo. Weka chupa mahali pa wazi, mbali na miti na majengo, uizungushie mawe upepo usiiangushe. Soma kila siku saa 3 asubuhi, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Siku za jua kali kiasi hicho hupungua, hivyo kikaguliwe hata kama haikunyesha.

Vipimo 12 havitalingana. Usiwape "jibu sahihi". Waulize kwa nini chupa ya karibu na mwembe imepata kidogo, kisha fundisha wastani.

4. Paa
Hapa ndipo kosa kubwa hutokea: watoto hutaka kupima mteremko wa bati. Kinachohitajika ni eneo la ardhi linalofunikwa na paa, na hilo hupimwa kwa futikamba chini, upenu hadi upenu. Hakuna mtoto anayepanda juu. Tuseme ni mita 18 kwa 7, yaani mita za mraba 126. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, basi milimita 10 ni lita 1,260. Sehemu ya maji hupotea kwa kuruka, kuvuja na kukauka. Kwa bati chukua asilimia 80, zinabaki lita 1,008. Waache wajaribu kuithibitisha ile lita 1 wenyewe. Inakula kipindi kizima, na kinastahili.

5. Matumizi
Tia lita 5 kwenye kibuyu chirizi (chombo cha kunawia kinachoning'inizwa na kuchirizisha maji kidogo kidogo), hesabu wanaonawa hadi kiishe. Wakiwa 20, kila mmoja ametumia lita 0.25. Wanafunzi 60 wakinawa mara mbili kwa siku, ni lita 30. Maji ya mvua ile yanatosha siku 33, iwapo kuna chombo cha kuyahifadhi. Wakumbushe kwamba maji ya mwanzo huosha vumbi na kinyesi cha ndege, yamwagwe.

6. Alama
Kazi yote ifanyike shuleni. Ikienda nyumbani, utasahihisha kazi ya wazazi. Kati ya alama 20, toa 8 kwa daftari la mwanafunzi, 5 kwa jaribio fupi la mtu binafsi, 4 kwa ripoti ya kikundi na 3 kwa maelezo ya mdomo. Anayeeleza apatikane kwa kura siku hiyohiyo. Akishindwa, kikundi kipewe siku mbili za kumwelekeza, kisha aulizwe tena yeye yuleyule.