SOMO: Mazoezi ya nyumbani kwa mzee aliyepata kiharusi

Somo hili ni kwa mnaomuuguza mzazi aliyepata kiharusi. Hospitali wamemruhusu, yuko nyumbani, na mkono na mguu wa upande mmoja umelegea. Familia nyingi hapo hufanya mambo mawili: hutafuta mtu wa kumkanda, na humfanyia mzee kila kitu, kuanzia kumlisha hadi kumvalisha soksi. Yote ni mapenzi, lakini ndiyo yanayomchelewesha. Sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kukosa damu haifufuki. Sehemu zilizo hai ndizo zinazoweza kuchukua kazi yake, na hujifunza pale mgonjwa mwenyewe anapojaribu tendo na kulirudia mara nyingi. Akifanyiwa, hazijifunzi.

Kabla ya kuanza

Daktari aridhie kwanza, na presha ipimwe. Siku za mwanzo msimkimbize. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa wagonjwa walioanza kuinuliwa ndani ya saa 24, tena kwa wingi, walipona vizuri wachache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Vipindi vifupi vifupi ndivyo vinavyofaa.

Acheni zoezi mara moja kifua kikibana, kizunguzungu kikimshika au kichwa kikiuma ghafla. Mdomo ukipinda upya, mkono ukianguka au maneno yakikwama, mkimbizeni hospitali hapo hapo na mkumbuke saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Kiharusi hujirudia, na dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapofaa, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu.

Hatua ya 1: Lindeni bega

Misuli inayoshikilia bega imelegea. Mkimwinua kwa kumvuta mkono au kumbeba kwa kwapa, mfupa hushuka kutoka mahali pake, na maumivu yake humfanya asitake kuguswa kwa miezi. Mwambieni kila anayeingia chumbani, hata wageni: mkono huo hauvutwi. Akikaa au akilala, wekeni mto chini ya mkono huo. Nguo ianze kuvaliwa upande dhaifu, na wakati wa kuvua upande huo uwe wa mwisho. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, asipate vidonda vya mgongo.

Hatua ya 2: Kukaa

Akae ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Mshikieni kikombe mbele yake, kisha upande dhaifu, akifuate kwa mkono mzima, yaani ule usiolegea, bila kuanguka. Akimudu, songeni mbele.

Hatua ya 3: Kusimama kutoka kitini

Kama mna muda wa zoezi moja tu kwa siku, liwe hili. Anayeweza kusimama mwenyewe anaweza kwenda chooni mwenyewe, na hapo heshima yake inaanza kurudi.

Tumieni kiti kizito cha mbao, mgongo wa kiti uegemee ukuta. Cha plastiki huteleza na kupinduka. Mwanzoni kiwe kirefu, hata kwa kuongeza mto mgumu, kisha mkishushe kadiri anavyopata nguvu. Asogee ukingoni mwa kiti na avute nyayo nyuma ya magoti, mguu dhaifu ukae nyuma kidogo kuliko mzima ili ulazimike kubeba uzito. Halafu ainame mbele mpaka pua ipite magoti, ndipo anyanyuke. Wazee wengi huogopa kuinama, hujisukuma kwa mgongo na kurudi kitini kwa kishindo. Mwambie, "Baba, pua mbele kwanza."

Wewe simama upande dhaifu, umemfunga mkanda mpana kiunoni, ushike huo badala ya mkono wake. Angalia kisigino cha mguu dhaifu: kikinyanyuka, ujue mguu mzima ndio unaofanya kazi yote. Mrudishe akae, mguu upangwe upya. Kukaa nako kuwe taratibu, kwa sababu kujishusha kunajenga misuli ile ile. Anyanyuke mara 5, apumzike, arudie. Kabla ya kila mlo ni wakati mzuri, hausahauliki.

Hatua ya 4: Kutembea

Fimbo ishikwe na mkono mzima, na urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono akisimama wima. Inatangulia fimbo, unafuata mguu dhaifu, kisha mzima. Kwenye ngazi apande kwa mguu mzima na ashuke kwa ule dhaifu. Kandambili wekeni mbali, avae kiatu chenye kushika kisigino. Mikeka iondolewe njiani, na njia ya chooni iwe na taa usiku.

Hatua ya 5: Mkono

Mpeni kazi anazozijua: kufuta meza, kukunja kanga, kuchambua maharage, kusogeza kikombe. Mkono dhaifu ukiwa haujitikisi kabisa, mkono mzima uusaidie, macho yake yakiutazama.

Kuhusu muda, anzeni na dakika 10, mara kadhaa kwa siku. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilipendekeza wazee wafikie angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya kulinda uwiano wa mwili, yaani kutoyumba, siku 3 kwa wiki. Hilo ni lengo la mbele. Kipimo cha wastani ni hiki: aweze kuongea akifanya, lakini asiweze kuimba.

MASWALI YA WADAU

*Shikamoo mtaalamu. Baba ana miezi minane tangu apate. Watu wanasema miezi sita ikipita hakuna kinachorudi tena. Ni kweli?*

Marahaba mwanangu. Si kweli. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye kasi zaidi, lakini mlango haufungwi. Mwaka 2006 Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi. Walivalishwa glovu nene mkono mzima kwa wiki 2 ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, huku wakifanyishwa mazoezi, na walipata nafuu ya wazi. Njia hiyo inamfaa mwenye kuweza kunyanyua kifundo na vidole angalau kidogo. Isimamiwe na mtaalamu wa fiziotherapia.

*Mama anakandwa kwa maji ya moto kila asubuhi. Tuache?*

Maji ya moto acheni. Upande ule huenda hausikii joto, ataungua bila kusema. Kumpaka mafuta kwa mkono mwepesi si vibaya, humfariji, lakini msihesabu kuwa ni mazoezi.

*Babu anakataa kila kitu, anasema tumwache afe. Tumlazimishe?*

Msimlazimishe wala msimgombeze kama mtoto. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hupata sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, baada ya kiharusi. Ni ugonjwa na una tiba, kwa hiyo daktari aambiwe maneno hayo hayo aliyoyasema, na asiachwe peke yake. Kisha kaa naye umuulize anakumbuka kufanya nini. Akisema kwenda msikitini, basi zoezi ni hatua za kufika mlangoni, kesho getini. Mzee hufuata jambo lake kuliko namba ulizompangia.

*Tumemnunulia mpira wa kufinya. Unasaidia?*

Inategemea. Kama vidole vimeshaanza kujikunja, kufinya si shida yake, shida ni kufungua. Mwekee kiganja wazi mezani, kisha afanye kazi ya kushika kikombe na kukiachia. Hiyo "kukiachia" ndiyo muhimu.

*Presha ya mama imeshuka vizuri tangu aanze kutembea. Apumzike dawa?*

Hapana. Imeshuka kwa sababu ya dawa pamoja na mazoezi. Endeleeni kupima na kuandika kwenye daftari, mwende nalo kliniki. Mwenye kupunguza dozi ni daktari.