Zima taa ya dari, washa ya chini

Sebule yetu ilikuwa na kila kitu: vigae vyeupe, jipsamu, makochi ya kijivu. Ila mgeni akikaa, baada ya robo saa anaaga, kama yuko mapokezi ya hospitali. Kilichobadilisha ni taa. Jioni zima zile za dari zote, washa mbili tatu za chini: moja kwenye stuli pembeni ya kochi, nyingine kona ya mbali, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa. Weka balbu za mwanga wa njano. Soma boksi, tafuta 2700K, hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga. Nyingi tunazouziwa ni 6500K, nyeupe ya kuelekea bluu, na vigae vinaurudisha mwanga huo mpaka usoni. Mwanga wa chini hauenei chumba kizima. Unaacha vivuli, ukuta unaonekana una umbile, na watu wanasogeleana palipo na nuru. Juzi shangazi alivua viatu, akakunja miguu kwenye kochi, akaomba chai ya pili. Nilifurahi sana.

Haifanyi kazi ukiacha hata taa moja nyeupe inawaka, maana ya njano itaonekana chafu tu. Balbu isiyo na kifuniko nayo inachoma macho. Hata kikapu cha ukili kinatosha kuifunika, mradi iwe LED, maana zile za zamani zinapata moto na zinaweza kuunguza. Na watoto wakifanya homuwek, washeni ya dari, wasichoshe macho.