Mbwa wa Machungani Akianza Kupepesuka, Fikiria Sukari ya Damu

Kiangazi kikikolea hapa Tabora, nyasi za karibu na zizi huisha na ng'ombe huswagwa mbali kutafuta malisho na maji. Mchungaji anatembea, lakini mbwa hatembei: anazunguka kundi, anarudisha ndama, anafukuza nyani, anarudi mbio. Jioni amekwenda mwendo mrefu kuliko yeyote. Kila mwaka msimu huo naletewa lalamiko lile lile kutoka Uyui na Sikonge: mbwa aliondoka mzima, saa tisa alasiri akaanguka, bila shaka kalishwa sumu.

Mmoja nilimkuta mwenyewe chini ya mninga. Miguu ya nyuma ilikuwa inampotea kama mlevi, mapaja yanatetemeka, macho yamekodoka lakini hayamjui bwana wake. Nilimgusa tumbo na masikio, hakuwa na joto la kutisha. Nikauliza amekula lini.

"Jana mchana, daktari. Ukoko wa ugali."

Kijana alikuwa na asali kwenye kichupa. Tulichovya kidole tukampaka kwenye fizi, kidogo kidogo. Baada ya dakika kumi hivi aliinua kichwa. Hapakuwa na sumu pale, ilikuwa njaa ya ubongo.

Sukari katika damu ya mbwa mzima huwa kati ya miligramu 70 na 120 kwa desilita. Ikishuka chini ya 60, ubongo huanza kupungukiwa. Akiba yake, glikojeni, imewekwa kwenye ini na misuli. Akitimua mbio fupi kali, adrenalini, homoni ya mshtuko, hulifanya ini limwage sukari, na ukipima wakati huo unaweza kukuta imepanda. Kazi ya kutwa ni jambo jingine. Hapo mbwa huchoma zaidi mafuta, tena ni hodari wa hilo kuliko binadamu, lakini ubongo bado unadai sukari na kila mbio mpya misuli inajichotea. Ini likiishiwa, mbwa anaanguka.

Kosa ninaloliona sana ni kumshindilia ugali alfajiri ili apate nguvu. Wanga mwingi kabla ya kazi hupandisha insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, nayo insulini huyazuia mafuta yasitumike. Baya zaidi, tumbo lililojaa likikimbizwa linaweza kujisokota, na mbwa akafa siku hiyo hiyo. Mlo mkubwa uwe wa jioni. Akishatulia kuhema na kunywa maji, mpe kwanza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa ikalainika, kwa sababu misuli hujaza akiba upesi muda mfupi baada ya kazi. Kisha dona na dagaa, utumbo, au mafuta ya machinjioni. Mbwa wa kazi anahitaji mafuta na nyama kuliko ukoko. Mchana, kundi likipumzika, tonge moja au mawili yanatosha. Maji asikose.

Akianguka, msogeze kivulini na msikilize mwili. Ukiwa wa moto sana, fizi nyekundu, anahema bila kukoma, hilo ni joto: mmwagie maji mwili mzima na umpepee. Akiwa anatetemeka na kuyumba, mpake asali. Dalili zikichanganyika, fanya yote mawili. Aliyezimia usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Paka fizi tu. Akizinduka, mpe chakula kidogo na asirudi kazini siku hiyo, kwani asali huisha haraka.

Mbwa aliyelala nyumbani masika yote asipelekwe safari ndefu kwa siku moja. Mbwa wa kuvuta sleji, magari ya kuteleza juu ya theluji, kule Alaska wamepimwa wakikimbia siku kadhaa mfululizo: glikojeni ya misuli hupungua sana mwanzoni, kisha mwili hujirekebisha na kuitunza ingawa kazi inaendelea. Wako naye mwongezee umbali taratibu kwa wiki mbili tatu.

Yule anayeanguka tena ingawa analishwa vizuri, mtazame macho na mbavu. Kwenye miombo yetu yenye ndorobo (mbung'o), mbwa hupata nagana, ugonjwa unaoenezwa na inzi hao: hukonda, homa huja na kuondoka, na jicho linaweza kufunga ukungu wa bluu. Minyoo nayo humdhoofisha, hasa mdogo. Huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo, na umweleze saa aliyoanguka, alichokula mara ya mwisho, na mlikuwa mmetoka wapi.