Namna ya kushika tumaini la Mungu giza likikuzidi

Hii naiandika kwa ajili ya mtu ambaye siku hizi usingizi haupati, unageuka geuka kitandani mpaka adhana ya alfajiri inaanza na wewe bado uko macho, labda umefiwa, labda mtoto anaumwa ugonjwa usioeleweka, labda ni madeni tu na simu za wanaokudai. Sitakwambia usijali, hilo umeshaambiwa sana. Nataka nikupe vitu vya kufanya, kimoja kimoja, maana mtu akishaelemewa mahubiri marefu hayamuingii.

Anza na kula na kulala. Najua ulitegemea niseme maombi kwanza, ila fungua 1 Wafalme 19 usome mwenyewe. Nabii Eliya kakimbilia jangwani, kakaa chini ya mti wa mretemu, anamuomba Mungu amtoe roho, yaani amefika mwisho kabisa. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika, Eliya akaamshwa akakuta mkate uliookwa kwenye makaa na maji, akala akanywa akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala ndo akapata nguvu ya kutembea siku 40 mpaka Horebu, na mazungumzo yenyewe na Mungu yakafanyika huko. Kwahiyo kama tangu jana hujatia kitu mdomoni pika hata uji, au ugali na dagaa kidogo, kunywa maji, jinyooshe. Na mambo ya kufunga kavu siku tatu wakati mwili umeshaisha mimi naona yasubiri kwanza, Mungu anakusikia hata ukiwa umekula.

Ukishapata nguvu kidogo mwambie Mungu ukweli. Sisi wa kanisani tuna tabia moja, mtu anakusalimia Bwana asifiwe unaitikia amina kwa sauti na tabasamu juu huku ndani umekufa, sasa hiyo tunaihamishia mpaka kwenye maombi. Usimfanyie Mungu hivyo jamani. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu "hata lini" mara nne. Zaburi ya 88 ndo kabisa, inaanza na kilio na inaishia gizani, hamna ule mstari wa mwisho wa kusifu kama kwenye zaburi nyingine za huzuni, na bado imewekwa kwenye Biblia ili mtu kama wewe uwe na maneno ya kusema. Kama chumba ni kimoja na watoto wamelala toka nje, kaa nyuma ya nyumba, sema kwa sauti ya chini: Baba nimechoka, sielewi unafanya nini, nina hasira. Ukilia, lia. Hiyo ni sala kamili, huhitaji kuipamba.

Alafu tafuta nuru ya leo tu. Sisi wa Kigoma hili tunalielewa vizuri kuliko watu wengi maana wavuvi wa dagaa kazi yao ni giza, ukikaa mwaloni Kibirizi jioni unaona mitumbwi inatoka na taa, zamani ilikuwa karabai saivi wengi wana taa za sola na betri, na mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika nyumbani kwasababu dagaa hawajikusanyi kwenye taa, mpaka giza lirudi. Na ile taa haimuliki Ziwa Tanganyika lote mpaka upande wa Kongo, inamulika maji yaliyo pale pale ubavuni mwa mtumbwi, inatosha kazi. Zaburi 119:105 inasema neno la Mungu ni taa ya miguu yangu. Miguu, sio kilomita kumi mbele. Unaomba Mungu akuonyeshe mwakani itakuwaje, unaona kimya, unadhani amekuacha, kumbe ulichopewa ni cha kufika jioni.

Kwa vitendo fanya hivi. Chagua mstari mmoja, sio kumi, uandike kwa mkono wako kwenye karatasi, ubandike sehemu ambayo macho yako lazima yafike, juu ya jiko au nyuma ya simu, na asubuhi usome huo kabla hujawasha data. Kama huna pa kuanzia chukua Zaburi 27:1, au Maombolezo 3:22-23, au Yohana 1:5 pale panaposema nuru yang'aa gizani wala giza halikuiweza. Ukimaliza kusoma jiulize, mpaka jua lizame natakiwa kufanya nini? Fanya hicho.

Kuna mama jirani yangu mmoja, biashara yake ni kununua dagaa na kuwaanika, mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane alibaki hana kitu na ana marejesho ya kikoba. Nilimkuta asubuhi moja amekaa kwenye kigoda chake, chanja ziko tupu, daftari la marejesho limefunguliwa mapajani na amefunika ile kurasa ya majina kwa kiganja kama hataki kuiona. Siku hiyo ombi lake lilikuwa moja tu, apate ujasiri wa kwenda kwa mwenyekiti wa kikundi kuomba aongezewe muda. Akaenda. Akaongezewa. Kesho yake akaomba mtaji wa maandazi. Deni halikufutika kimiujiza, alilipa kidogo kidogo, ila hakulala tena na lile daftari kichwani.

Kitu kingine, usikae peke yako, na hapa nataka usome Matendo 27 yote taratibu hasa wewe unayeishi ziwani. Meli ya Paulo imepigwa na dhoruba, jua wala nyota hazionekani siku nyingi, watu 276 wamekata tamaa kabisa. Paulo alipata neno la Mungu usiku na hakukaa nalo mwenyewe, aliwaambia wenzake. Usiku wa 14 mabaharia wakaona wanakaribia nchi kavu, wakaogopa miamba, wakatupa nanga nne wakaomba kuche. Basi, kuche tu! Kuna usiku hiyo ndo sala pekee utakayoiweza na inatosha. Kulipokaribia kucha Paulo akachukua mkate, akashukuru mbele ya watu wote, akala, na wao wakachangamka wakala. Kwahiyo tafuta hata mtu mmoja, wa jumuiya, wa kwaya, shangazi yako, umwambie naomba uje tule na tuombe pamoja, asikuletee ushauri. Anayekuuzia maji au mafuta ya upako ndo akuombee, huyo mkimbie, maana neema ya Mungu haina bei.

Na katika sura hiyo hiyo, mabaharia walipotaka kutoroka na kimashua, Paulo aliwaambia askari kwamba hao wasipobaki melini hamtapona, yaani pamoja na kwamba Mungu ameshaahidi wokovu bado wenye ujuzi walihitajika. Ndo maana nakwambia kama hulali wiki na wiki, au yanakujia mawazo ya kujidhuru, hilo usiliweke kwenye maombi peke yake, leo hii hii mwambie mtu wa karibu akusindikize hospitali, kwa hapa Kigoma mjini nenda hospitali ya Maweni, waambie wazi unachowaza usifiche, na dawa ukiandikiwa meza huku unaendelea kuomba.